Unyayo Chini ya Beseni

Mguu wangu wa kulia ulipasuliwa mvua zilipokaribia kwisha, na mume wangu akafariki baridi ilipoanza. Kati ya siku hizo mbili sikukanyaga udongo kwa mguu mtupu hata mara moja. Hilo ndilo lililonitia matatani, na nusura linitenge na watoto wangu.

Tulikuwa tunakaa cité, mtaa wa Waafrika, hapa Elisabethville, katika nyumba ya matofali yenye vyumba viwili, na mbele yake lupango, yaani ua, ya udongo mwekundu. Mume wangu alikuwa fundi wa viatu. Alifanya kazi barazani, misumari midogo mdomoni, na watoto wetu wawili walijua kutomsemesha mpaka aiteme yote.

Mguu wangu ulikuwa na mfupa uliojitokeza pembeni, kwenye shina la kidole gumba. Mama yangu alikuwa nao pia, lakini yeye hakuvaa viatu maisha yake yote na mfupa wake haukumsumbua. Wangu uliharibiwa na viatu vyembamba nilivyopewa na madamu niliyemfulia nguo kabla ya kuolewa. Nilivivaa miaka mitatu nikijua kwamba vinaniumiza. Sikuwa na vingine, na kusema kweli nilipenda jinsi wanawake wenzangu walivyoviangalia. Gumba likawaegemea wenzake, mfupa ukavimba, mwishowe ukafanya kidonda kisichofunga. Mume wangu alinikatia tundu katika ngozi ya kiatu mahali pa mfupa ili upumue. Hata hivyo sikuweza kwenda sokoni na kurudi bila kukaa njiani.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa akija kututembelea kutoka Kambove. Watu wa kwao walikuwa wawindaji kabla ya kuwa watu wa migodi, naye alisoma udongo kama mimi ninavyosoma barua, yaani polepole lakini bila kuruka kitu. Asubuhi alisimama mlangoni na kutaja waliopita: jirani, mbuzi wa jirani, muuza samaki. Mguu wangu ulimchekesha.

"Muguu yako iko na bichwa bibili," aliniambia. "Hata ukipita mu bantu mia, nitajua ni weye."

"Basi sitaweza kukukimbia, yaya," nilimjibu, maana kwetu yaya ni dada mkubwa.

"Ukimbie na ile muguu? Utafika wapi?"

Hospitalini daktari alikuwa Mbelgiji mrefu, mpole, na alikuwa na jambo lake moja: alikusanya nyayo kama wengine wanavyokusanya timbre za barua. Kabla ya kumpasua mtu mguu alitaka chapa yake kwenye karatasi. Muuguzi wake, Mkasai mwenye miwani, alipaka wino mweusi kwenye mpira mwembamba, akautandaza juu ya karatasi, kisha akaniambia nipite juu yake bila kusimama. Mahali mguu ulipobonyeza sana, wino ulitoka mweusi tii. Mahali ulipogusa kidogo, ulitoka kama moshi.

"Bengine balikupatia buku ya kidole gumba kwa biro ya serikali," muuguzi alisema, akimaanisha kitambulisho chenye chapa ya gumba. "Leo miye nakupatia buku ya muguu."

"Na polisi akiniuliza buku, nivue kiatu?"

"Uvue, mama. Umupandishie mu uso."

Karatasi ile ya kwanza ilionyesha doa zito jeusi chini ya shina la gumba, na ule mfupa ukiwa umetokeza pembeni. Nikalala, wakanipasua. Daktari alikata kipande cha mfupa na kulinyosha gumba. Ya maumivu sitayasimulia, yalikuwa yale ambayo mtu anayategemea. Wiki nyingi baadaye, mguu ulipofunguliwa, muuguzi alinipitisha tena juu ya mpira. Akaziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, mume wangu akiwa amekuja kunichukua, naye akainama kuziangalia.

Sikuutambua mguu wangu. Mfupa wa pembeni haukuwapo, na hilo lilinifurahisha. Lakini gumba pia lilikuwa karibu kutoweka. Lilikuwa fupi, na liligusa karatasi kama mtu anayegusa sufuria kuona kama ina moto. Doa jeusi sasa lilikuwa katikati, chini ya kidole cha pili na cha tatu.

Daktari akasema kwa Kifaransa, muuguzi akatueleza. "Anasema, ile kilo yote ulikuwa unaweka hapa, haikupotea. Ilihamia kwa jirani."

"Na jirani atavumilia?" niliuliza.

Muuguzi alimtafsiria daktari, daktari akacheka, kisha akaacha kucheka na kusema maneno marefu. Maana yake ilikuwa kwamba gumba lingejifunza tena kazi yake kidogo kidogo, labda si yote. Nijizoeze kulisukuma chini kila ninapotembea. Na nisitembee mguu mtupu kwa miezi mingi, la sivyo yule jirani angewaka moto.

Mume wangu alivuta karatasi ya pili karibu. Aligusa doa jeusi kwa kidole chake, akapima kwa upana wa vidole umbali wake kutoka kisiginoni. Siku ya tatu aliniletea jozi ya viatu vipana, na ndani ya kile cha kulia alikuwa ameshona kinundu cha ngozi, nyuma kidogo ya mahali pale. Nikikanyaga, kinundu kilipokea uzito kabla haujafika kwenye doa lile. Nilitembea hadi sokoni na kurudi bila kukaa. Nilipomwambia, alisema ngozi ile ilikuwa ngumu kushona. Hayo ndiyo yaliyokuwa majivuno yake.

Halafu akaugua kifua, na kwa siku tisa akaisha.

Ndugu zake wakaja matanga. Wifi yangu alitoka Kambove na mkeka wake, na pamoja naye shangazi yao mzee, ambaye tulimwita baba mwanamke, kwa sababu kwao dada wa baba ni baba. Mila ya watu wa mume wangu ilikuwa hivi: mjane analala chini, anavaa kitambaa cheusi, hachani nywele, havai viatu. Hatoki mlangoni peke yake. Mwanaume asimguse hata mkono mpaka ndugu wa marehemu wamtakase na kumwachilia. Akivunja mila hiyo, marehemu anakasirika, na hasira yake haimshukii mjane bali inawashukia watoto. Kwa hiyo mjane akivunja, watoto wanaondolewa kwake haraka kabla hawajaugua. Watu wa nje waliona ni ukatili. Wifi yangu hakuwa mkatili. Aliwapenda watoto wale na aliamini.

Ni yeye aliyenivua viatu. Alivivua kwa upole, akaviweka ndani ya sanduku. Nilitaka kumweleza maneno ya daktari, lakini mume wangu alikuwa amelala chumba cha pili akisubiri kuzikwa, na niliona aibu kuzungumzia vidole vyangu.

Kila jioni wifi alifagia ua kuanzia mlangoni hadi getini, akirudi kinyumenyume ili hata nyayo zake zisibaki. Asubuhi alisoma. Mimi sikuwa na la kuogopa. Nilikaa ndani mchana kutwa, na nilipotoka kwenda chooni shangazi alinishika mkono, nikachechemea kwa kisigino bila kuacha unyayo mzima. Lakini yule jirani wa gumba alikuwa amekwisha kuwaka moto. Wiki ya tatu ilikuwa kama nimekanyaga kaa na kaa limebaki ndani.

Asubuhi moja kulipopambazuka, wifi na shangazi wakiwa bado wamelala, sikuweza tena. Nilichukua ndoo, nikaenda peke yangu mpaka bomba lililokuwa penye kona ya ua. Nikaweka mguu chini ya maji. Maji ya kiangazi huku kwetu ni baridi mno asubuhi, na kwangu yalikuwa baraka. Nikajaza ndoo ili nipate maji ya kutumia ndani, nikajitwika, nikarudi. Nikajilaza kwenye mkeka. Sikuwaza hata kidogo juu ya udongo.

Jua lilipotoka nikasikia wifi akiniita. Alikuwa amechuchumaa katikati ya ua.

"Nani alikuya hapa?"

"Sijue, yaya."

"Ulitoka?"

"Siyatoka."

Uongo huo ulinitoka kabla sijaufikiria. Niliogopa tu kukaripiwa kwa kutoka bila mtu, kama mtoto anavyoogopa. Nauandika kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana nao.

"Angalia," wifi alisema. "Hii iko ya mwanaume. Angalia vile anabonyeza mbele, kisigino kidogo, gumba hakuna. Huyu alikuwa ananyata. Mwizi njo anatembea hivi." Akasogeza kidole hatua moja mbele. "Na hapa iko muguu yako ya kushoto. Unaona? Mulitembea pamoja. Alikuwa anaweka muguu yake mu njia yako, afiche."

Nikaangalia. Doa zito katikati, gumba likiwa alama hafifu tu. Ilikuwa ile karatasi ya pili ya daktari, safari hii katika udongo mwekundu. Nikajua mara moja, na sikusema. Nilikuwa nimekwisha kusema sikutoka.

Wifi alikwenda jikoni akarudi na beseni la chuma. Akaufunika unyayo uliokuwa wazi kuliko yote, juu ya beseni akaweka tofali. Alisema wajomba wa marehemu watakuja alasiri waone wenyewe. Kisha akaingia chumbani na kuanza kukunja nguo za watoto. Binti yangu alimuuliza wanakwenda wapi.

"Kambove. Kwa miye."

"Na mama?"

"Mama atabakia."

Nilikaa mlangoni nikitazama beseni lile. Majirani waliokuja kutusalimu walilizunguka bila kuuliza. Nilijiambia labda wajomba hawatakuja. Nilijiambia labda upepo utaingia chini ya beseni. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, nikiomba upepo. Kisha nikasikia mwanangu mdogo akilia ndani kwamba hataki kuvaa sweta, na wifi akimbembeleza, "Kambove iko baridi, papa, vaa tu." Nikasimama.

"Yaya," nilisema, "nilikudanganya. Nilitoka asubuhi. Nilikwenda ku bomba, peke yangu. Ile muguu njo yangu."

Akatoka chumbani, sweta mkononi.

"Sasa unamufunikia."

"Simufunikie mutu. Balinikata mufupa hospitali. Muguu ilibadilika."

"Mufupa balikata pembeni. Minajua. Balikukata na uzito? Muguu yako niliijua miaka munane."

Karatasi zilikuwa kabatini kwa daktari, na nani angemwendea Mzungu kumwomba karatasi ya kumaliza ugomvi wa uani? Nikasema, "Fagia, yaya. Nipite. Utaona."

Akafagia kipande kutoka bombani mpaka mlangoni, kwa hasira, vumbi likipanda. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko akichambua maharage, wala hakuinua kichwa. Nikaenda bombani, nikageuka, nikarudi nikitembea.

Wifi akainama. Nami nikainama. Gumba lilikuwa limeacha alama ya wazi kabisa, na doa la katikati lilikuwa jepesi. Nilikuwa nimetembea kwa woga, polepole, nikilisukuma gumba chini kama muuguzi alivyonifundisha. Mguu wangu ulikuwa umenikana mbele ya macho yangu.

"Unaona?" wifi alisema, na hakusema kwa ushindi. Alikuwa na machozi. "Sasa unaona, mama."

Ndipo shangazi akatema ganda la haragwe. "Asubuhi ulibeba nini?"

"Ndoo, baba. Ya mayi."

"Basi mupatie ndoo. Muntu akitembea kwa kuangaliwa, anatembea sawa mwali wa ndoa. Abebe kazi."

"Baba mwanamuke, njo nini sasa—"

"Mupatie ndoo, we mutoto. Na ile mwanaume wako wa kunyata, muguu yake ya kushoto iko wapi? Alikuya na moja tu? Alikopa ingine kwa nani?"

Wifi alifagia tena, safari hii bila vumbi. Nilijaza ndoo hadi mdomoni, shangazi akaja kunisaidia kujitwika, akaninong'oneza nisiwaze mguu, niwaze sakafu ya nyumba nisiilowanishe. Nikaenda. Maji yakanimwagikia shingoni na nikakasirika, nikaharakisha, maumivu yakanichoma pale pale, nikafika mlangoni nikatua ndoo.

Sikugeuka. Niliwaacha waangalie wao.

Nilisikia tofali likiondolewa, kisha beseni. Nilisikia wifi akivunja unyasi wa ufagio ili apime. Alipima kutoka kisigino hadi doa, akapima tena, akapima upana. Alihama kutoka unyayo mmoja kwenda mwingine mara nyingi sana, na mimi nikawa nimeuma kitambaa changu cheusi.

"Kuya hapa," alisema mwishowe.

Nilipogeuka alikuwa ameketi chini, katikati ya ua alioufagia mwenyewe, miguu ameinyosha.

"Leta muguu."

Nikakaa mbele yake. Akaushika kwa mikono miwili, akaupangusa vumbi, akaangalia kovu, akaligeuza gumba fupi huku na huku. Kisha kidole chake kikaenda chini ya kidole cha pili, mahali ambapo ngozi ilikuwa imekuwa ngumu kama jiwe.

"Hapa njo panauma?"

"Hapo."

"Tangu lini?"

"Tangu nivue viatu."

Hakuna aliyekuwa ameushika mguu ule tangu mume wangu. Nilianza kulia, naye akalia, na sisi wote wawili tulijua hatuulilii mguu. Alisema ndugu yake alikuwa amemweleza juu ya kiatu kile mara ya mwisho yeye wifi alipokuja kututembelea, alimweleza jioni nzima, juu ya kinundu na mahali pa kukishona, naye wifi hakusikiliza, alikuwa anafikiria bei ya unga. Alisema, "Sikumusikiliza hata." Alilirudia hilo mara nyingi kuliko alivyonisema mimi.

Shangazi alitukatiza. "Mutamaliza kulia, halafu mutafunga ile muguu."

"Mujane havae kiatu, baba," wifi alisema.

"Nani anasema kiatu? Kitambaa iko kiatu?"

Wifi akafikiri. Niliona akifikiri kweli, akiipima mila kama alivyoupima unyayo. Kisha akachana upindo wa kitambaa changu cheusi cha matanga, akaukunja mara nne, tano, akatengeneza kinundu kidogo. Akaniuliza kiwe wapi hasa. Nikamwonyesha: si penye maumivu, nyuma kidogo. Akakifunga kwa ukanda wa kitambaa hicho hicho, akaniambia nisimame.

Nilisimama. Lile kaa halikuzimika lakini lilirudi nyuma, kama mtu aliyekuwa amekukalia kifuani na sasa amehamia ukingoni mwa kitanda. Nilitembea mpaka getini na kurudi, wifi akiwa kando yangu, maana sikuwa na ruhusa ya kwenda peke yangu, na hilo alinikumbusha kwa ukali.

"Kwa kudanganya," alisema, "utapika wewe, siku saba."

"Nilikuwa napika tayari."

"Basi utapika na utanyamaza."

Wajomba walipokuja alasiri walikuta udongo umekanyagwa kila mahali na hawakuona kitu. Wifi aliwaambia alikosea. Alisema hivyo mbele yao, kwa sauti, wazee watatu wamekaa kwenye viti, bila kujitetea. Kisha akaingia chumbani na kukunjua nguo za watoto. Nilimsikia akiwaambia kwamba Kambove ni mbali na sweta zinaweza kubaki hapa hapa.

Jioni hiyo nilikula ugali kwa mara ya kwanza tangu mazishi, namaanisha kula hasa, mpaka shangazi akanitazama. Sijui kama ni vizuri kusema hivyo juu ya siku za matanga. Nilikuwa na njaa, na watoto wangu walikuwa wamekaa kila mmoja upande wake, na mmoja alikuwa akiniibia samaki.

Walinitakasa kabla ya mvua za kwanza. Walininyoa, wakaniogesha, wakanivisha kitenge kipya, na mjomba mkubwa akasema mbele ya wote kwamba familia haina neno nami. Gumba langu limejifunza kazi yake nusu tu, kama daktari alivyobashiri. Nusu hiyo inanitosha.

Siku wifi aliporudi Kambove tulimsindikiza hadi stesheni. Alikuwa na mkeka wake, kapu la mihogo, na shangazi aliyekuwa akilalamikia ugumu wa benchi. Alipanda, akakaa dirishani, akawaambia watoto wanitii, akaniambia mimi nisitembee sana. Kisha treni ikaondoka. Nikageuka kuelekea nyumbani, mtoto mmoja mkono huu, mwingine mkono ule, nikitembea kwa mwendo wao.